Laptopu imefungwa, kazi inaendelea

Kilichovunja kioo ni kalamu. Kalamu ya kawaida tu ya bluu, niliiacha juu ya kibodi saa sita usiku nikiwa nimechoka, nikafunga laptopu kama ninavyoifunga siku zote, nikasikia kamlio kadogo kama mtu kakanyaga ganda la yai, na hapohapo nikajua. Nilivyofunua nikakuta doa jeusi upande wa kushoto, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na mistari ya rangi imeshuka kutoka kwenye doa mpaka chini kabisa, na nikiwa nimekaa naangalia, lile doa linatanuka taratibu kama wino ulioangukia kitambaa kilicholowa. Kufika asubuhi lilikuwa limeshakula nusu ya kioo.

Kazi yangu ni kutafsiri na kupachika manukuu kwenye video. Siku ile ilikuwa Jumatano na nilikuwa na video ya dakika 40 ya kukabidhi Ijumaa, tena ya mteja mpya, wale ambao ukichelewa mara ya kwanza hakuna mara ya pili. Sikulala.

Asubuhi nikaenda Kariakoo na laptopu kwenye mkoba. Fundi ninayemwendea siku zote akaifunua, akachokonoa fremu kwa ukucha, akatoa ile plastiki inayozunguka kioo, akakilaza kioo kifudifudi juu ya kibodi akasoma namba za mgongoni. "Dada, hii ni ya pini 30, mi hapa nimebaki na za pini 40, haikai." Akasema mzigo unaingia wiki inayofuata, kioo ni laki moja na themanini, hela ya ufundi mbali. Nadhani aliona uso wangu ulivyobadilika, maana alikuwa anarudishia plastiki huku ananiangalia, akaniuliza, "We nyumbani si una TV? Chomeka waya wa HDMI ufanye kazi zako. Mashine nzima kabisa hii, ni kioo tu."

Mashine nzima kabisa, ni kioo tu. Mi nilikuwa nimeshaihesabu marehemu, njia nzima kwenye daladala nilikuwa napiga hesabu za kununua nyingine. Unajua ukikaa na laptopu miaka mingi unaona kioo ndo kompyuta, kwasababu ndo sehemu unayoitazama, kumbe kompyuta yenyewe iko chini ya kibodi, bodi na prosesa na diski na betri, kioo ni kama mtangazaji wa taarifa ya habari, ukimbadilisha msomaji taarifa inabaki ileile. Kwahiyo naandika haya kwa mtu mwenye laptopu ya kioo kibovu imekaa kabatini, na pia kwa mtu ambaye kioo chake ni kizima lakini anashinda nayo mezani masaa nane au kumi kwa siku, maana mi nilianza kama wa kwanza nikaishia kama wa pili.

Nikarudi nyumbani. TV yangu ni ya inchi 32, iko sebuleni juu ya kabati. Nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, picha ikaja, nikashukuru Mungu. Shukrani ikadumu kama dakika mbili. Programu yangu ya manukuu ilizoea kufungukia kwenye kioo cha laptopu, ikawa inafungukia kulekule kwenye doa, nasikia sauti ya video siioni video, na mausi kila nikiipeleka kushoto inavuka inapotea kule kwenye giza, unaivuta unaivuta hujui iko wapi. Dawa ni kubonyeza tena Windows na P na kuchagua skrini ya pili peke yake, hapo kioo kibovu kinazimwa kabisa na vitu vyote vinahamia kwenye TV. Hicho ndo kitu cha kwanza cha kufanya, usisumbuke na kingine kabla ya hicho.

Sasa kukaa karibu na kabati na kibodi ya laptopu mapajani haikuwezekana, nikaazima kibodi na mausi za waya kwa jirani yangu mwenye steshenari, nikachomeka, laptopu nikaisogeza pembeni nikaifunga ili isichukue nafasi. TV ikasema hakuna mawimbi. Nikafunua, picha ikarudi. Nikafunga, ikaondoka. Nilirudia kama mara nne nikidhani waya umelegea.

Waya haukuwa na tatizo. Ndani ya fremu ya kioo kuna kasumaku kadogo, na upande wa chini, pembezoni mwa kibodi, kuna sensa inayoihisi ile sumaku ikikaribia, ikiihisi tu inaiambia kompyuta mfuniko umefungwa, na kompyuta imefundishwa kwamba mfuniko ukifungwa mwenye mali kaondoka, basi inalala. Inaitwa sensa ya Hall, ni jina la Edwin Hall, Mmarekani, ambaye mwaka 1879 alipitisha umeme kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu, akaiweka kwenye nguvu ya sumaku, akakuta kuna volti ndogo imetokea ubavuni. Kitu cha 1879 ndo kilikuwa kinanizimia TV. Na ukitaka kuamini, chukua simu yenye kava la kukunja lile lenye sumaku, iweke pole pole pembeni mwa kibodi, kuna sehemu ukifika laptopu inazima kioo yenyewe huku iko wazi. Nimeshamkuta mtu anataka kupeleka laptopu yake kwa fundi eti inazima ovyo, kumbe kila akikaa kazini anaweka simu palepale. Na ukipandisha laptopu iliyo wazi juu ya nyingine iliyofungwa inaweza kukufanyia hivohivo, sumaku ya chini inaisemesha sensa ya juu.

Kwenye Windows unaingia kwenye Control Panel, sehemu ya mambo ya umeme, kuna mahali pa kuchagua mfuniko ukifungwa kompyuta ifanye nini, na pako na safu mbili, moja ikiwa inatumia betri na nyingine ikiwa kwenye chaja. Kwenye safu ya chaja weka "Do nothing". Kwenye safu ya betri ACHA IBAKI KULALA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwasababu watu wengi wanaweka zote mbili zisifanye kitu, afu siku moja anachomoa waya, anafunga mbio mbio, anaitia laptopu kwenye begi ikiwa macho, inafanya kazi ndani ya begi bila hewa, anafika anapokwenda begi limekuwa jiko. Joto la namna hiyo linaua betri, na betri ya lithiamu iliyopata joto si kitu cha kubeba mgongoni.

Wa Mac kwenu ni rahisi zaidi, ikiwa kwenye chaja na ina monita na kibodi ya nje unafunga tu inaendelea, na kuna kitu kimoja nakipenda, MacBook Air ya chipu ya M3 ya mwaka 2024 inaendesha monita mbili za nje lakini mpaka uifunge, kioo chake kikilala ndo kinaachia nafasi ya monita ya pili. Wa Linux, distro nyingi zinazotumia systemd zikiona kuna monita ya nje zinaupuuza mfuniko zenyewe, na isipokuwa hivyo kuna faili la logind.conf pale ndani ya /etc/systemd, mstari wa HandleLidSwitch, unaandika ignore unaanzisha upya mashine.

Video ya Ijumaa niliikabidhi Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Ila TV si monita, niseme ukweli. Ile yangu ina nukta 1366 kwa 768 zimetandazwa kwenye inchi 32, ambayo ni kama nukta 49 kwa inchi moja, ukikaa karibu herufi zinaonekana zimemenyeka pembeni. Afu kingo za picha zilikuwa zimekatwa, ile sehemu ya chini yenye saa na vitufe siioni kabisa, hiyo ni tabia ya TV toka enzi za TV za kichogo, inakuza picha kidogo ili kuficha kingo. Ukiingia kwenye menyu ya TV, kwenye ukubwa wa picha, tafuta chaguo la kuonyesha picha kama ilivyo bila kukuza, kila TV ina jina lake. Na kama ina chaguo la kompyuta au la gemu liweke, mausi itaacha kuburuza miguu.

Baada ya kama siku kumi za hivo nikaja kugundua kitu ambacho sikukitarajia. Nilikuwa naosha vyombo, nikageuka kumwangalia paka aliyepita mlangoni, nikageuka shingo yote, mpaka begani, bila kuumia. Nikasimama na sahani mkononi. Nilikuwa na maumivu ya shingo karibu miaka miwili, upande wa kulia, naamka yameshakaza, najichua na dawa za kuchua usiku, nimebadilisha mito miwili nikidhani ni mto. Sikuwahi kufikiria laptopu. Na kwa hizo siku kumi kitu pekee kilichobadilika ni kwamba nilikuwa naangalia mbele, sio chini.

Ukiifikiria utaona ni kitu cha wazi kabisa. Laptopu imeozesha kioo na kibodi kwenye bawaba moja, hawaachani. Ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri, kioo kinakuwa chini na shingo inainama kukifuata. Ukiipandisha juu ya vitabu ili kioo kifike machoni, mikono inaning'inia hewani mabega yanapanda. Hakuna urefu wa meza unaoweza kukupa vyote viwili, hata ununue meza ya milioni. Na kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, kikikaa sawasawa juu ya mgongo mifupa inakibeba, kikitangulia mbele misuli ya shingo ndo inakishikilia, masaa nane, siku sita za wiki, miaka miwili. Nilikuwa nalia na mto.

Mashine zenyewe toka mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa safari. Umbo hili la kufunga kama kitabu lilikuja na GRiD Compass, mwaka 1982, aliyeichora ni Mwingereza Bill Moggridge, na zilikwenda mpaka angani kwenye vyombo vya Space Shuttle vya NASA. Kufunga ni kwa ajili ya kulinda kioo ukiwa njiani. Na haikupita miaka mingi, mwaka 1992, Apple wakatoa PowerBook Duo, kalaptopu kadogo ambako ukifika ofisini unakafunga, unakasukuma kwenye mdomo wa kasha kubwa lililokaa mezani, kasha linakameza kama deki inavyomeza kanda ya video, na juu ya kasha kuna monita, mbele yake kibodi kamili. Kwahiyo miaka zaidi ya 30 iliyopita kuna watu walishaona kwamba ya njiani ni ya njiani na ya mezani ni ya mezani, sisi tukapewa laptopu tukaambiwa ni ya kila mahali na tukainamisha shingo.

Hapo ndo nikaamua hela ya kioo naigeuza, nanunua monita.

Nikarudi Kariakoo, safari hii kwenye maduka ya vitu used vya maofisini, yamejaa monita zimepangwa kama matofali. Nilienda na laptopu yangu na kibodi mkononi na nakushauri na wewe ufanye hivo, usinunue monita kwa kuiona inawaka na maandishi ya kiwanda tu. Mwombe muuzaji akuchomekee, fungua ukurasa mweupe mtupu, uangalie kama kuna doa au upande una kivuli, afu ukurasa mweusi uangalie nukta zinazong'aa peke yake na pembe zinazovuja mwanga. Geuza stendi, ipandishe na kuishusha, za maofisini nyingi zinapanda na kushuka na hiyo ni faida kubwa kuliko inchi. Nilichukua ya inchi 22, nukta 1920 kwa 1080, laki moja na ishirini, na hapo herufi zinakuwa nukta kama 100 kwa inchi, mara mbili ya TV yangu, ukilinganisha unaona kama umevaa miwani mpya.

Waya ndo watu wengi wanapopigwa. Monita zile za maofisini nyingi hazina HDMI, zina VGA ile ya bluu, zina DVI ile nyeupe pana, na zingine zina DisplayPort. Muuzaji akanipa kaadapta ka HDMI kwenda VGA. Nikakataa, sio kwa ubishi, ni kwamba VGA ni ya mawimbi ya analogi, ni ya mwaka 1987, na HDMI ni ya dijitali, kwahiyo kale kaadapta inabidi katafsiri, kana chipu ndani, na vya bei rahisi vinatafsiri vibaya, picha inatetemeka au inakuwa na ukungu. Lakini HDMI na DVI ya dijitali ni lugha moja, zinatofautiana umbo la kichwa tu, waya wa kawaida unatosha na hakuna kinachopotea isipokuwa sauti. Nikanunua waya huo, elfu kumi na mbili. DisplayPort nayo ina mtego wake, waya una mwelekeo: laptopu ikiwa na DisplayPort na monita ina HDMI waya rahisi unafanya kazi, lakini laptopu ikiwa na HDMI na monita ina DisplayPort, waya huohuo ukiugeuza haufanyi kitu, mpaka upate adapta maalumu yenye umeme wake. Watu wanarudisha monita dukani wanasema ni mbovu kumbe ni waya umegeuzwa. Na ile tundu ndogo ya USB-C sio kila moja inatoa picha, nyingine ni ya data na chaji tu, angalia kama pembeni yake kuna alama ya DisplayPort au ya radi, na njia ya uhakika ni kujaribu palepale dukani.

Nyumbani monita ikakaa juu ya kamusi mbili nene ili ukingo wa juu ufike usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka. Kibodi chini, viwiko vimetulia. Laptopu imefungwa.

Mwezi wa pili joto la Dar mnalijua. Niliilaza laptopu juu ya king'amuzi maana ndo palikuwa na nafasi, na king'amuzi chenyewe kinatoa joto, ikawa kila nikianza kutoa video feni inapiga kelele kama pancha ya baiskeli na mashine inapunguza mwendo yenyewe. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini na kutoa pembeni au nyuma karibu na bawaba, na baadhi zinapumua kidogo kupitia kibodi, kwahiyo ukizifunga unazibana mdomo. Nikaenda kwa seremala wa mtaani akanikatia vipande viwili vya mbao akavipigilia kwenye ubao, nikabandika kitambaa ndani visikwaruze, laptopu inasimama wima kama sahani kwenye kichanja. Sehemu inayotoa hewa nimeielekeza juu. Hiyo iangalie kabla hujasimamisha, weka kiganja uone joto linatokea wapi, usije ukaikalisha juu ya pua yake. Kelele ziliisha siku hiyohiyo.

Betri nayo, ukiiacha kwenye chaja mwaka mzima ikiwa imejaa asilimia 100 na joto juu yake inazeeka haraka, inavimba hata. Yangu ni ThinkPad na ina setingi ya kuizuia isivuke 80, nimeiweka hapo. Nyingi za maofisini zina setingi hiyo, kwenye programu ya kampuni au kwenye BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, itafute.

Vitu unavyovikosa vipo. Kamera inakuwa imefungiwa ndani, maiki inasikika kama mtu aliye kabatini, kwahiyo kwenye vikao natumia simu niliyoegemeza kwenye kikombe na wateja hawajawahi kulalamika. Alama ya kidole hamna, unaandika nywila. Kitufe cha kuwasha kiko chini ya mfuniko, nainua kidole kimoja nabonyeza nashusha. Na kama unatumia kibodi isiyo na waya, kale kapini kake ka USB kanakopokea mawimbi ukikachomeka nyuma ya laptopu jirani na diski ya USB 3 inaweza kuanza kuruka herufi, diski na waya wake vinatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, weka kaekstensheni ka USB kasogee mbali. Kingine, nimeona watu wanaondoa kioo kibovu kabisa wanabaki na nusu ya chini tu. Inawezekana, lakini kumbuka antena za Wi-Fi kwenye laptopu nyingi zimepitishwa kwenye fremu ya kioo, ukikitupa kioo unatupa na antena, fundi azitoe kwanza azibandike sehemu nyingine.

Ila siku niliyoielewa kweli laptopu iliyofungwa ni siku umeme ulipokatika. Ilikuwa saa tatu usiku, nimeshatafsiri karibu dakika 25 za video, na mimi nikizama huwa nasahau kusevu. Pap, giza. Monita nyeusi, feni ya dari inapunguza mzunguko, mtaa mzima ule mguno mmoja. Nikakaa na moyo unapiga. Afu nikaona chini pale mbele yangu kataa kadogo ka kijani, ka kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kibodi inakula umeme wa laptopu kupitia USB. Maana yake laptopu iko macho, pembeni yangu hapo, imesimama kwenye mbao zake, inaendelea na betri kama vile hakuna kilichotokea, maana kwangu ile setingi ya kulala inashika pale mfuniko unapofungwa, na huu ulikuwa umeshafungwa toka mwanzo, sema haina pa kuonyesha. Nikabonyeza Ctrl na S gizani. Nikabonyeza tena mara tatu kwa ajili ya roho yangu. Afu nikaondoa mikono nikaenda kukaa barazani.

Umeme ulirudi saa tano kasoro. Kufika hapo mashine ilikuwa imeshalala yenyewe, nikagusa kibodi, monita ikawaka, na mstari wa mwisho niliouandika ulikuwa palepale na kimstari kinapepesa mbele yake, sentensi imeishia kwenye "kwa sababu". Kompyuta ya mezani ya kawaida ingekuwa imeondoka na kila kitu. Na hiyo ndo naipenda kuliko yote, laptopu iliyofungwa mezani ni kompyuta ya mezani iliyozaliwa na betri yake tumboni, na kwasababu kioo, ambacho ni mlaji mkubwa, kimezimwa, ile asilimia 80 inakwenda mbali.

Mama alikuja kunitembelea Pasaka, akaniangalia kama nusu saa nafanya kazi, afu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuaibisha, "Mwanangu, mbona hiyo umeifunga na unaandika?" Nikamwonyesha. Akaigusa kwa kiganja, akakuta ina joto. "Kumbe iko hai," akasema, na kuanzia hapo hakuwahi kuweka kitu chochote juu yake, hata mtandio.

Mwezi wa sita hela ikapatikana, fundi akaweka kioo. Kizuri, kinang'aa. Nikaenda nayo Morogoro kwenye kazi ya siku tatu, nikafanyia kazi gesti, na siku ya pili jioni shingo ilishaanza kunikumbusha. Niliporudi niliisimamisha kwenye mbao zake nikachomeka nyaya.

Ule waya wa HDMI wa kwanza haukukaa. Kuna dogo mtaani kwetu anasoma chuo, laptopu yake ilidondoka kutoka kitandani kioo kikamwagika chote, akaja kuniuliza kama namjua mtu anayenunua laptopu kwa ajili ya spea, maana alishaahidiwa elfu themanini. Nikamwambia kalete tuione. Nikaipachika kwenye TV yangu, ikawaka, mafaili yake yote yapo, na riseachi yake ambayo hakuwa ameihifadhi pengine popote. Alikaa kimya muda mrefu. "Dada, ilikuwa iende na elfu themanini," akasema. Nikampa ule waya, na kibodi ya zamani, nikamwandikia kwenye karatasi ile setingi ya mfuniko, ya chaja isifanye kitu, ya betri ilale.

Anaishi na bibi yake na TV ni moja. Wamekubaliana. Mpaka taarifa ya habari ya saa mbili TV ni ya bibi, ikiisha na hali ya hewa, bibi anamnyooshea rimoti, anajifunika khanga pale pale kwenye kochi, na dogo anachomeka waya.